Nilivyoyavua Nguo Mawe ya Kisima

Nimekosa, ndugu msomaji. Wala sikukosa kwa pombe, au kwa kutokwenda shule. Nilikosa nikiwa na shahada ya jiolojia, nimeitundika ukutani na kioo juu yake!

Nilikuwa mtu wa kutafuta mafuta. Miaka ile ya kufunga mkanda, ukiwaambia watu wa Tanga unatafuta mafuta, walidhani umepanga foleni ya mafuta ya taa. Lakini mimi nilijiona. Kisima kilipochimbwa upande wa Kigombe, mimi ndiye niliyekaa pale, lenzi shingoni kama daktari wa mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtambo ukichimba, tope hupanda na vipande vidogo vya mwamba. Kila baada ya mita chache tulivichota, tukavikosha, tukavianika, tukavitia katika kifuko cha kitambaa cha marekani, kisha tukaandika juu yake, kwa wino usiofutika, vimetoka kina gani. Basi. Bila ile namba, jiwe ni kokoto tu.

Mafuta hayakuonekana. Wenye mtambo wakafungasha. Mifuko ikapangwa kwenye ghala letu mjini, na ufunguo akapewa Mzee Makame, Mpemba mpole aliyekaa Makorora. Mzee huyo huyo ndiye aliyeaminiwa ufunguo wa msikiti wa mtaani kwake.

Halafu mke wangu akajifungua. Madukani hakuna kitambaa, hata tambara! Nikaenda ghalani.

"Shikamoo, mzee. Naomba mifuko michache, mtoto hana winda."

"Marahaba. Na mawe tuyatie wapi, bwana mtaalamu?"

"Kwenye masanduku."

"Yatachanganyika. Nani atayajua tena?"

"Mzee, habari zao zote zimo daftarini mwangu."

Akanitazama, akafungua. Mimi nilikuwa mkubwa wake kazini, angefanyaje?

Daftari langu! Mita za mwanzo nilizieleza vizuri, rangi, chembe, harufu. Kisha malaria na usingizi vikanizidi, nikaanza kuandika "kama hapo juu". Kurasa nzima, kama hapo juu! Nami nililijua hilo nilipokuwa namjibu Mzee Makame, nimebetua midomo kama profesa.

Jirani yetu Mama Zubeda, aliyekuwa akimfulia mzazi, alipiga kelele uani siku ya tatu.

"Shemeji! Njoo uone! Hapa imeandikwa mita elfu mbili, nami nimefika mpaka chini. Mafuta sikuyaona, nimeona mengine!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Jioni yake akaniomba mifuko ya mjukuu wake. Nikampa. Dada yangu akataka ya kushonea shimizi. Nikampa. Nikawa mtu mkubwa Makorora nzima, na mpaka mwaka ule unakwisha, hakukuwa na jiwe lililobaki na nguo ghalani. Masandukuni mlijaa kokoto.

Miaka ikapita, ikaja enzi ya ruksa. Nguo zikajaa mpaka barabarani, na wageni wakaanza kuja na mikoba yao. Kampuni moja ya nje ikataka kurudi kwenye kisima chetu. Wakasema wana vipimo vipya vya kuonyesha dalili ambazo lenzi haizioni. Hawakulitaka daftari langu. Walitaka mawe, pamoja na mjiolojia mwenyeji wa kumwajiri. Mkuu wetu aliniambia nivae vizuri.

Nilivaa vizuri. Mzee Makame akafungua ghala. Mgeni akatia mkono sandukuni, akainua kokoto, zikamtiririka vidoleni.

"Mifuko iko wapi?" mkuu akauliza.

Mzee Makame akanigeukia. Hakunitazama kwa hasira, ndugu zangu. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake aseme.

Nami nikasema, "Ufunguo anakaa nao yeye."

Maneno manne! Na hata uongo hayakuwa!

Wageni walikwenda kutafuta pwani nyingine, kazi niliyoivalia ikaondoka nao. Mzee Makame alifukuzwa kwa wizi, hakupewa kiinua mgongo. Baada ya wiki mbili watu wa msikitini walimwendea, wakamwomba ufunguo wao. Walimwomba kwa adabu sana, nasikia. Hilo ndilo lililomvunja.

Nilichukua mwaka mzima kufika kwake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anasuka ukili. Nikamwambia nimekuja kukiri.

"Unakiri kwangu?" akasema. "Mimi nayajua, bwana. Nilikuwapo."

"Nisamehe, mzee."

"Siku ile nilisema, ana haya mbele ya wageni. Kesho yake nikasema, atakwenda kwa mkuu faraghani. Nikakungoja. Basi kawaambie wao, mkuu na watu wa msikitini, kisha uje tusameheane."

Niliahidi. Nikaahirisha mpaka mwisho wa mwezi, kisha mpaka baada ya Idi, kwa kuwa nilikuwa na mshahara na watoto. Kumbe ofisi yenyewe ilikuwa kwenye orodha ya kupunguzwa! Tukapunguzwa sote. Ghala likauzwa, kokoto zikamwagwa kwenye mashimo ya barabara. Mkuu alikwisha kufa. Nilipokwenda msikitini nimejikaza, niliwakuta vijana wasiomjua Makame wala habari ya ufunguo, na mzee mwenyewe alikuwa amerudi Pemba, akazikwa huko.

Leo nafundisha jiografia. Vijana huniuliza kama wasomee mafuta na gesi. Nawaambia wasome, kisha najifanya natafuta chaki.

Wewe uliye kazini, ambaye kuna mtu amebeba kosa lako: nenda leo, hata mbele ya wageni, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliupata, nikaenda nao huku na huko, nikakuta hakuna tena hata mmoja wa kumwambia.