Zaboka na Pani Zilizopakwa Rangi

Wako watu hapa mlimani Laventille watakwambia mimi mwongo. Ndio hao hao wanaokuja barazani kwangu kusikiliza. Haya ya Zaboka niliyaona kwa jicho langu lililo zima. Ya melini na ya ukumbini London alinisimulia mwenyewe alipokuja kututembelea, na kwa kutia chumvi alinishinda.

Jina la ubatizo ni Cuthbert, ila kichwa kilichongoka kama parachichi, nasi parachichi twaliita zaboka, basi yakaisha. Kazi yake ilikuwa kuchukua pipa tupu la mafuta, kulibonyeza kitako kwa nyundo mpaka liwe bakuli, kulichoma motoni, kisha kulibembeleza kwa nyundo ndogo hadi kila kipande kitoe sauti yake. Hizo ndizo pani. Zama hizo mpiga pani alihesabiwa mhuni, polisi walimkimbiza. Mkewe, Ismay, mwanakwaya, hakuruhusu hata moja ivuke kizingiti. Pani za bendi nzima ya Zaboka zililala uvunguni mwa nyumba na kuku.

Lakini bendi yao ilipoitwa kwenda kupiga London, Ismay akageuka. Bombani akawa hatuachi tuchote maji. "Mume wangu anaitwa na Wazungu!"

Kesho meli ing'oe nanga, leo Zaboka kaenda kwa fundi kuchukua suti. Ismay akaziangalia pani, nyeusi, zimeungua, aibu ikamshika. Akachukua rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya kanisa, akazipaka zote, ndani na nje, ikakauka, akarudia.

Zaboka kurudi, akagonga moja. Kup! Kama unagonga shelisheli bichi.

"Ismay, umefanya nini?"

"Nimezivalisha. Ulitaka ukawaonyeshe watu masufuria ya uji ulioungua?"

"Umeziziba midomo, mke wangu! Rangi nzito inaua sauti!"

"Shoga," nikamwambia Ismay kutoka barazani kwangu, nyumba ya pili, "heri ungempaka yeye."

Hakucheka. Alikaa chini akalia, maana alijua: pani zisipolia London, bendi nzima itazomewa, na mlima mzima utasema ni mkono wa Ismay.

Dawa ilikuwa moja, kuiunguza rangi. Lakini moto ukipita, sauti zote hupotea, kazi inaanza upya. Tukaleta makumbi ya nazi, tukawasha. Moshi ukapanda wa buluu, na kuku wangu wakataga mayai ya buluu mpaka Kanivali. Usiponiamini, kaulize kuku.

Basi Zaboka na wenzake wakapanda meli na pani bubu. Gatini Ismay hakupunga mkono, alijifunika uso kwa kofia.

Huko melini, ko ko ko kutwa nzima. Abiria wakamshtaki. Nahodha akashuka, masharubu yamesimama.

"Nitakutupa baharini wewe!"

"Nitupe, baba, ila pani uzifikishe."

Shida ni kwamba sauti ya kuanzia hakuwa nayo. Pani zote zimekufa, amwige nani? Ndipo honi ya meli ikalia ya chakula cha mchana. Kesho yake ikalia vile vile, haikupanda, haikushuka. Zaboka akaifanya hiyo ndiyo mama, akazitafuta nyingine kutoka kwake. Bibi mmoja wa Kizungu aliyelalamika kuliko wote akaishia kumletea chai na kumwambia, "Ile ya pembeni bado imenuna."

London ukumbi ulijaa. Kwanza watu wakainama kutazama chini ya pani, wakitafuta redio iliyofichwa. Kisha Zaboka akapiga ile sauti mama, na mabaharia wa ile meli, waliokuwa wamekaa nyuma, wakasimama wote kwenda kula! Wimbo ulipokolea, wakarudi mbio kucheza.

Sisi tulisikia kwenye redio ya dukani. Ismay alisimama mlangoni, hataki kuingia, anang'ata ukucha wa kidole. Pani zilipoanza kumiminika, safi kama maji ya mlimani, akasukuma watu mpaka mbele.

"Zinalia," akasema. "Jamani, zinalia!"

Mtangazaji akasema walimu wa huko wanamwomba fundi wa pani, Zaboka wetu, abaki, awatengenezee watoto pani.

"Mwacheni abaki," Ismay akasema, machozi na kicheko pamoja.

"Na wewe je, shoga?"

"Mimi namfuata. Nani atamwimbia sauti akishachoka masikio?"

Akaenda. Na leo, mji gani kule hauna pani?