Mahari ya Samadi

Jikoni kwa Konda hakuna anayekohoa. Mama yake alikohoa mbele ya mafiga maisha yake yote, hata waliokuwa shambani walijua kwa kikohozi hicho kwamba chakula kinakaribia kuiva. Alikufa haoni, macho yameliwa na moshi. Konda anapikia gesi ya mavi ya nguruwe: anayakoroga na maji, anayamimina kwenye shimo nyuma ya nyumba, na mpira unaleta moto wa buluu hadi jikoni. Mafiga aliyatupa.

Kisha binti yake Yublina akachumbiwa.

Ukoo wa mume ungeleta farasi na nyati, na kama ilivyo haki yao katika kisiwa kizima cha Sumba, wangerudi na nguruwe. Nguruwe wa Konda walikuwa wanne. Ndugu za marehemu mumewe walikaa barazani wakitafuna tambuu, wakawagawa wote kabla hajamaliza kumimina kahawa. Konda akauliza shimo litakula nini.

"Shemeji," mkubwa wao akasema, "msichana anaolewa, wewe unalilia njaa ya shimo?"

Kubakiza hata mmoja kungekuwa aibu ya kumfuata Yublina hadi kwa wakwe. Konda alilijua hilo. Alizijua pia kuni, na macho ya mama yake. Akaenda kwa Ndilu, msemaji wa ukoo, ambaye siku ya mahari hunena kwa mafumbo ya mababu, kila mstari na pacha wake. Akamwomba adai kitu kimoja zaidi.

Ndilu akatema tambuu. "Mama Yublina, farasi nina maneno yake. Dhahabu ninayo. Hata mkia wa nyati. Mavi sina."

"Yatafute."

"Mababu hawakuyadai."

"Mababu hawakuwa wakipika."

Siku ilipofika, Ndilu alisimama mbele ya koo mbili, akakohoa kidogo.

"Pembe zimekuja kwa wanaume, kwato zimekuja kwa wanaume. Kinachoanguka nyuma ya pembe, kinachobaki nyuma ya kwato, ni cha mama aliyezaa."

Mashemeji walitazama mikeka, maana msemaji wako hapingwi mbele za wageni. Msemaji wa upande wa pili, mzee mwenye sifa, hakuwa tayari kuonekana ameisahau desturi. Akajibu kwa uzito kwamba ukoo wao haujawahi kulipuuza jambo hilo, na kwamba wataleta hata samadi ya zizi lao wenyewe, maadamu Yublina anakaa kwao.

Nguruwe wakaondoka wote wanne.

Mkwe huleta magunia ya samadi kwa pikipiki, haongei sana. Moto wa mavi ya farasi ni mdogo, mahindi yanachelewa kuiva. Watu wa kijiji cha jirani nao wamedai samadi kwenye harusi yao, na wazee wa huko wanaeleza kwamba ni desturi ya kale.

Konda yuko nyuma ya nyumba, ameloa hadi viwikoni, anakoroga.