Fundo Lililozidi

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi akatuachia wenyewe tuchague namna ya kuutumia, na ambaye hachoki kumpokea mja anayerudi kwake, hata akirudi amechelewa miaka sitini.

Juma lililopita mjukuu wangu, muuguzi kule Ndanda, alipanda Newala kunijulia hali. Tulipomaliza shikamoo na marahaba alifungua simu yake akanionyesha ramani. Yeye na mumewe wamepanga kuondoka na gari lao, washuke Masasi, wapite Lindi, wafike hadi kilima kimoja karibu na Morogoro ambako watu husimama kutazama treni ya umeme ikipita. Alikuwa ameshapanga watakapolala na chakula watakachobeba.

"Kiti cha mbele ni chako, mke mwenzangu," aliniambia kwa utani wetu. "Zimebaki siku kumi na moja. Simu inazihesabu yenyewe."

Niliinuka nikasema naenda kutazama chungu. Hakukuwa na chungu jikoni.

Ndugu yangu, nilikulia Makote, kwa bibi yangu mzaa mama. Wakati huo gari la moshi lilikuwa likifika Masasi, na habari zake zilitufikia huku juu pamoja na chumvi na vitambaa. Bibi alilitamani gari lile kama mtoto anavyotamani sikukuu. Alimsumbua msimu mzima jirani yetu aliyekuwa na lori la kubeba korosho, mpaka akakubali kutupeleka Masasi. "Siku ya tisa kuanzia leo," jirani alimwambia, "tukutane sokoni asubuhi, wewe na mjukuu wako."

Bibi hakujua kusoma, na hakuona kasoro yoyote katika hilo. Alichukua kamba ya magome, akafunga mafundo tisa, akaitundika mlangoni. Kila asubuhi alifungua fundo moja. Ndivyo wazee wetu walivyohesabu safari, na aliyeachwa nyumbani alijua kwa kamba ile siku ya mwenzake kurudi. Alikuwa akisema, "Kamba haisahau." Kati ya fundo na fundo alijiandaa. Alikwenda porini kuchimba ming'oko ya kuchemsha kwa ajili ya njiani, akabangua korosho, vidole vyake vikawa vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nyumba nzima ilinukia moshi wake.

Sasa nifike ninapoona haya kufika. Bibi alivaa ndonya, kisahani cha mti mweusi kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wa rika lake. Kijijini hakuna aliyeigeukia mara mbili. Lakini mimi nilikuwa nimekaa likizo kwa shangazi yangu Mkomaindo, pale Masasi mjini, nikawaona watoto wa mjini wakimfuata mama mmoja mwenye ndonya huku wakimwimbia kuwa amekula ugali akasahau kumeza sahani. Niliimba nao. Na waliponiuliza kwetu, nikawaambia bibi yangu ni mtu wa pwani, anavaa buibui na kupaka marashi. Niliwaza tutakaposhuka kwenye lori, wale watoto wakiwa palepale stesheni.

Yalipobaki mafundo matatu, Bibi akiwa anatwanga nyuma ya nyumba, nilipanda juu ya kinu cha zamani nikafunga la nne. Nililikaza likafanana na ya kwake. Hilo ndilo linalonitisha zaidi leo.

Siku ya lori ilipofika, kwenye kamba ya Bibi kulibaki fundo moja. Aliamka mapema akateremka bondeni kuteka maji, maana huku juu hatuna mto, na kwenda na kurudi ni nusu ya siku. Alitaka tuoge vizuri tuondoke wasafi. Alipotoweka tu, nilivaa gauni langu nikakimbilia sokoni.

"Bibi yako yuko wapi?" jirani aliniuliza.

"Ameghairi."

"Mtu aliyenigandia msimu mzima kama kupe, leo ameghairi?" Alicheka, akanipandisha.

Nililiona gari la moshi. Lilipiga kelele, likatoa mvuke, watu wakashangilia. Wale watoto hata hawakuwapo.

Niliporudi nilimkuta Bibi amekaa kizingitini, mtungi umejaa pembeni, kamba mkononi. "Nimekosea kuhesabu," alisema. "Uzee huu. Heri wewe hukunisubiri. Njoo ule ming'oko, ilikuwa ya njiani." Kisha akauliza, "Linakunywa maji?"

"Linakunywa, Bibi."

"Madebe mangapi?"

"Mengi. Hayahesabiki."

"Basi huku kwetu lisingepanda," akasema, akacheka mpaka ndonya ikatikisika. "Msimu ujao nitalifuata hukohuko."

Msimu uliofuata jirani aliuza lori. Haukupita muda, safari za gari la moshi zikakoma, na reli ikang'olewa. Bibi alifariki akiamini kwamba uzee wake ndio uliomwangusha. Nimewafundisha mabinti Kurani miaka mingi, nimewaeleza habari za toba, na jambo hili sikumwambia mtu.

Juma lililopita nilimwambia mjukuu wangu, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kiti kile cha mbele nikiwa nimenyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunifariji. Alitoka nje akarudi na kipande cha kamba. "Funga wewe, Bibi," alisema. Nikafunga kumi na moja. Akayahesabu, kisha akayahesabu tena, akacheka. Mimi sikucheka.

Ilikopita reli leo kuna mikorosho. Ndonya sijaiona mdomoni mwa mtu kwa miaka mingi, na wanaojua kuhesabu kwa kamba tumebaki wachache. Asubuhi hii nimefungua fundo la saba. Ming'oko nimeagiza, maana nataka niile pale kilimani, kwa niaba ya aliyeichimba.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe safari njema, akupe na wazee wa kusafiri nao, na akuepushe na siku ya kupanda gari peke yako huku anayekupenda yuko bondeni akikutekea maji.