Nafasi Moja ya Upasuaji

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali hapa Shinyanga, nikisubiri kufungwa kidonda. Kando yangu walikaa waganga wasaidizi wawili, mmoja mrefu na mwenzake mnene, marafiki tangu shuleni. Wote wawili walivaa kaptula zilizopigwa pasi kali.

"Umefuata nini hapa?" aliuliza mrefu.

"Ruhusa tu. Nahamia Geita, zahanati ya mgodini. Na wewe? Si ulitaka kwenda Uganda kusomea upasuaji?"

"Aa, hayo niliyaacha. Wanachukua mtu mmoja tu jimbo zima. Nitarudi zahanati ya Mhunze nikachanje watoto."

Mnene aliitazama ile pasi kali ya kaptula ya mwenzake, kisha akaitazama yake.

Mlango ukafunguliwa. Karani akaita, "Waombaji wa masomo ya upasuaji, wote wawili, ingieni!"

Hakuna aliyesimama. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, mpaka karani akarudia kwa ukali.

Walipotoka, mnene ndiye aliyepata nafasi. Mrefu alimpa mkono, macho yamemwiva.

"Hongera, ndugu yangu. Sasa niambie kweli, ile kazi ya Geita ipo?"

"Ipo. Niliiomba nisije nikakosa yote."

"Basi niachie mimi."

Mnene alifikiri kwanza. "Ngoja nifike Uganda," alisema.

Siwalaumu kwa kujiwekea njia ya pili. Ila siku nikipasuliwa, naomba wawili hao wasiwe zamu moja. Mmoja akisema "kata," mwenzake atataka kwanza kujua ana maana gani.