Ufa Katika Bastola ya Njuguna

Kabla hajagusa bastola hata moja, Dorca Owiti alikuwa fundi wa cherehani. Yeye na marehemu mume wake walikuwa na meza yao katika soko la Kibuye mjini Kisumu, upande wa mitumba, na kwa miaka kumi na mitano ni cherehani chache sana zilizowashinda. Mume alipofariki, wateja nao walikuwa wameanza kuhamia mashine za umeme. Dorca akafunga meza, akapata kibarua katika uwanja wa kulenga shabaha kule upande wa Kibos, ambako watu wenye vibali vya silaha huja kufanya mazoezi. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuokota maganda ya risasi.

Fundi wa silaha pale alikuwa Mzee Ndirangu, mwanajeshi mstaafu kutoka Nyeri, mtu wa maneno machache aliyevaa kofia ya sufu hata jua la Kisumu liwake namna gani. Kwa miezi minne walisalimiana tu asubuhi. Kisha siku moja Dorca akasimama mlangoni pa karakana na ndoo yake.

"Mzee, samahani. Ile bastola ya klabu, namba tatu, iko na shida?"

"Shida gani?"

"Maganda yake yalikuwa yanaanguka hapa karibu, hatua tatu hivi. Siku hizi naenda kuyaokota kwa seng'enge."

Ndirangu aliweka kikombe chini. Akaileta ile bastola, akaifungua, akatoa springi iliyokaa chini ya mtutu na kuilaza kando ya mpya. Ya zamani ilikuwa fupi kwa upana wa kidole kizima. Springi hiyo ndiyo huituliza slaidi, kile chuma cha juu kinachokimbia nyuma na kurudi kila risasi inapotoka. Ikilegea, slaidi huigonga fremu, kile kiunzi cha chini chenye mpini, kama nyundo na maganda hutupwa mbali.

"Nani alikufundisha haya?"

"Hakuna mtu. Springi ya cherehani pia ikichoka inakuonyesha."

Mzee hakumsifu. Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, na jina la Dorca likaanza safari ya kuombewa ruhusa ya kushika silaha. Alichunguzwa na kuhojiwa, karatasi zikaenda na kurudi, na ilipita karibu mwaka mzima kabla hajaketi kwenye benchi la karakana. Kwa miaka mitano iliyofuata Ndirangu alimfundisha kila alichokijua.

Wanachama walipenda kuuliza bastola inadumu miaka mingapi. Jibu la mzee lilikuwa moja: miaka haisemi kitu, hesabu risasi. Bastola inayolala kabatini itamzika mwenyewe. Inayopiga risasi mia mbili kila wiki ni habari nyingine. Springi yake ibadilishwe kila baada ya risasi elfu tano au kabla. Mtutu mzuri unaweza kufika elfu thelathini, hata arobaini, kabla shabaha haijaanza kutawanyika. Fremu na slaidi huenda mbali zaidi, mradi springi zisisahaulike. Kila bastola ya klabu ilikuwa na kadi yake ya kuhesabu risasi, na Dorca ndiye aliyezijaza.

Ndirangu alipostaafu kwa mara ya pili, akahamia Sondu, ambako mke wake Wamucii alikuwa na duka la nguo. Karakana ikabaki kwa Dorca.

Mwaka jana, siku sita kabla ya mashindano ya Nairobi, aliingia Daktari Valerie Njuguna, daktari wa meno anayekaa Milimani. Alipiga shabaha kila Jumatano na Jumamosi kwa bastola aliyoachiwa na baba yake. Baba mtu naye alikuwa ameshindana nayo miaka mingi. Valerie aliisafisha mwenyewe na hakuwahi kumpa fundi yeyote aiguse. Wiki iliyotangulia ilikuwa imemkwamia mara mbili.

"Ipake mafuta tu, Mama Dorca. Nasafiri Ijumaa."

Dorca aliifungua. Springi ilikuwa imechoka kabisa, huenda haikubadilishwa tangu mzee Njuguna akiwa hai. Hilo lilimfanya aiangalie slaidi kwa makini, na karibu na dirisha la kutolea maganda akaona kitu kama unywele. Alikifuta, hakikutoka. Basi akafanya kama alivyofundishwa: akapaka mafuta mepesi, akangoja, akafuta mpaka chuma kikakauka, kisha akanyunyiza unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha yakapanda kwenye chaki, yakachora mstari mweusi mrefu kama punje ya mchele.

"Huu ni ufa, Daktari. Hii isipigwe tena."

"Bado inalenga vizuri. Jumamosi nilipata alama nyingi kuliko mtu yeyote hapa."

"Inalenga, ndiyo. Mtutu ni mzima. Lakini slaidi ikikatika, kipande kinakuja upande wa uso wako."

"Baba aliniachia hii. Ni mashindano moja tu."

Dorca aliiweka slaidi mezani. Huyu alikuwa daktari, mwanachama wa miaka kumi na miwili, na bado kulikuwa na watu pale waliomkumbuka Dorca na ufagio. Akatoka nje, akampigia Ndirangu, akamweleza.

"Huo ufa umeuona kwa macho yako?" mzee akauliza.

"Nimeuona."

"Basi unanipigia ya nini?"

Akarudi ndani. "Daktari, mgonjwa akikujia na jino lenye ufa, akuambie anataka kutafuna mfupa siku moja tu, utamjibu nini?"

Valerie aliitazama ile chaki. Alichukua mkoba wake akaenda, lakini bastola aliiacha mezani.

Alikwenda Nairobi na bastola ya klabu, akawa wa nne. Slaidi mpya na springi zilichukua miezi miwili kufika. Dorca aliipima fremu kila pembe kwa mafuta na chaki, akaikuta nzima, akaunganisha kila kitu.

"Sasa bado ni ya baba?" Valerie akauliza alipokuja kuichukua.

"Namba iko kwa fremu, na fremu ni ile yake. Ukibadilisha springi kwa wakati, utazeeka nayo."

Valerie alimshika mkono. "Ile siku nilikukasirikia. Nimetaka kukwambia asante na nikakosa pa kuanzia. Niliwaza jicho langu, Mama Dorca, nikawaza na watoto wangu."

"Asante hiyo si yangu peke yangu," Dorca akasema.

Jumapili iliyofuata walikwenda Sondu kwa gari la Valerie, na samaki watatu wakubwa ndani ya kapu. Mzee Ndirangu aliipokea ile slaidi ya zamani, akapitisha ukucha juu ya ufa, akatikisa kichwa. Valerie alimshukuru akamaliza. Ndipo Dorca, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kulisema, akasema.

"Mzee, ulienda kwa meneja siku ile bila kuniambia. Watoto wangu wamesoma kwa hiyo kazi. Erokamano, asante sana."

Ndirangu aliivua kofia yake, akaishika magotini. Akasema kwamba hata yeye alifundishwa, na sajini mmoja huko jeshini, na kwamba sajini huyo alikufa kabla yeye Ndirangu hajarudi kumwambia neno kama hilo. Wamucii aliyekuwa mlangoni na birika akaanza kumimina chai, akampa Dorca kikombe cha kwanza.