Samli ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Butiama na ng'ombe wake. Kila akipata samli ya kutosha huitia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akampa yeyote anayekuja Musoma atuletee. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Chupa moja aliyotutumia niliichota karibu mwezi mzima. Niliungia maharage, nikamtilia mwanangu kwenye uji.

Mwishoni mwa mwezi huo nilikuwa nafundisha hali za maada. Shule yetu haina maabara, basi nikabeba chupa yenye samli iliyobaki, imeganda, nyeupe kama nta. Nikaisimamisha mbele ya darasa ndani ya sufuria ya maji ya moto.

"Hii sasa ni yabisi," nikawaambia wanafunzi. "Ikipata joto itakuwa kimiminika. Angalieni."

Wakaangalia. Samli ikalainika pembeni, ikageuka rangi ya chai ya rangi, weupe ukarudi katikati kidogo kidogo. Msichana wa dawati la mbele akasimama.

"Mwalimu, kuna mkia."

Alikuwa mjusi kafiri. Miguu yote minne ameitanua, tumbo limevimba, ngozi imeanza kumbanduka na vipande vyake vinaelea kama utando wa maziwa. Na harufu iliyopanda na mvuke ilikuwa ileile nzuri niliyoizoea. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwalimu, hii mnakulaga?" mwanafunzi mwingine akauliza.

Nilitoka mbio. Nilitapika nyuma ya vyoo vya shule.

Nyumbani, Makoko kando ya ziwa, nilipiga mswaki mara tatu, lakini bado nilihisi mafuta yamenigandia kwenye kaakaa. Mume wangu akacheka.

"Si unaipikaga? Moto unaua kila kitu."

"Mwanao amemla mjusi," nikamwambia. Hapo akaenda kumwangalia mtoto.

Jumamosi nilikwenda Butiama na chupa nimeizungushia kanga. Samli ilikuwa imeganda tena, safari hii mjusi amebanwa kwenye kioo, ubavu wake nje nje. Njia nzima nilipanga maneno, na hayakuwa maneno ya mkwe.

"Mama, tazama hii."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua, akaigeuzia mlangoni kwenye mwanga.

"Samli yangu. Ina nini, mwanangu?"

"Hapa, mama. Kidole changu kilipo."

Alitazama muda mrefu. "Naona weupe tu," akasema taratibu. "Siku hizi naonaga weupe tu."

Alikuwa amepika samli ile kwa kunusa na kupapasa, na hakumwambia mtu. Nilipomweleza kilichomo, aliiweka chupa chini, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Mjukuu wangu naye alikula?" Badala ya maneno niliyoyapanga, nikamuuliza macho yalianza lini.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulimpeleka Bunda akapasuliwa, sasa anaona hata kupe sikioni mwa ndama. Ametutumia samli nyingine, halafu akapiga simu.

"Hii nimeikagua mwenyewe. Umeionja?"

"Tamu, mama," nikamjibu.

Sijaigusa. Namwonea huruma na nampenda, lakini tumbo langu halijui huruma. Mume wangu akiikaangia mayai asubuhi, mimi hutoka nje nikakaa upande upepo wa ziwa unakotokea, mpaka amalize na kuosha kikaango.