Swali la Tano Mezani kwa Babu

Nilizaliwa na mdomo usiokaa kimya. Mama, ambaye ni Mtanzania, Mlutheri wa Moshi, husema nimeurithi upande wa baba, kwa hao Wayahudi wake wanaobishana hata na Mungu. Kwao mama, mtoto akimhoji mkubwa anaambiwa hana adabu, basi. Kwao baba kuna usiku mmoja kila mwaka, usiku wa Pasaka yao, ambapo mtoto mdogo kuliko wote mezani lazima aulize maswali. Ni manne, yameandikwa kitabuni na huimbwa kwa Kiebrania: kwa nini leo tunakula mkate usiotiwa chachu, kwa nini majani machungu, na kadhalika. Asipouliza, hadithi ya kutoka Misri haianzi, na chakula hakiji.

Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikuwa nikiyaimba tangu nina miaka mitano, nyumbani kwa babu mzaa baba, mjini Saint Paul, huku ughaibuni tunakoishi, naye akinitazama utadhani hajawahi kuyasikia.

Nilipofika miaka kumi na moja nikakwama. Kwanza, nilikuwa nimeanza kushuku kwamba Mungu hayupo. Sikuwa na huzuni. Nilitaka tu kujua, na sikuona kwa nini watu wazima hawataki kujua. Nilimpa Mungu mitihani midogo. Kama upo, nilimwambia kitandani, izime taa ya jirani. Taa iliendelea kuwaka mpaka usingizi ukanichukua.

Pili, binamu yangu, aliyenizidi mwaka mmoja na majivuno chungu nzima, aliniambia siku ile ya Pasaka tukipanga uma na visu: "Wewe si Myahudi hasa. Uyahudi unatoka kwa mama, na mama yako anaenda kanisani." Nilitamani nimchome na uma.

Ndipo nikaona nimebanwa. Nikiimba, nasema uongo, maana nauliza mambo ambayo majibu yake ninayo, tena mbele ya Mungu nisiyemwamini. Nisipoimba, binamu kashinda, na pengine babu naye ataona kweli huyu si wetu. Hilo la babu ndilo lililonitia hofu. Nilimpenda mno mzee yule.

Tukakaa mezani. Theluji ya Aprili ilikuwa bado imelundikana kando ya barabara. Mama alikuja mikono mitupu, kwa sababu mwaka mmoja aliwahi kuleta chapati, ambazo usiku huo ni mwiko kama mkate wa kawaida, akajitetea kwamba hazina hamira, na chapati zikaishia kubaki garini. Babu akafungua kitabu, akanigeukia.

"Haya, mjukuu wangu."

"Siulizi," nikasema. "Hayo si maswali yangu."

Mama alinifinya paja chini ya meza. Baba akakohoa.

"Lako ni lipi?" babu akauliza.

Nilitegemea anifokee; kuulizwa mimi sikuwa nimejiandaa. "Babu, wewe unaamini Mungu yupo?"

Mama akafumba macho. Babu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, wala hakuwa na haraka.

"Kuna siku naamini," akasema. "Tangu bibi yako afariki, siku hizo zimepungua. Leo asubuhi nikiosha haya majani sikuamini. Saa hizi sijui. Una swali jingine?"

Nilikuwa nalo moja tu, na machozi yalishanilenga. "Kama mimi siamini kabisa, mwakani nitakaa wapi?"

"Hapo hapo." Alikionyesha kiti changu kwa kijiko. "Ukihama, nani ataniuliza?"

Binamu akainamia sahani yake. Babu akayaimba yale manne mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, lakini alipofika la tatu akapotea. Ikabidi nimsaidie, na tukamaliza pamoja.

Tulirudi kwetu Eagan, baba akiendesha. Mama alikaza macho barabarani mpaka tulipovuka mto, nami nikajua leo nitakiona cha mtema kuni.

"Umeniaibisha," akasema hatimaye.

Siku hiyo hata mimi nilijua kunyamaza. Tukaenda, tukaenda, na tulikaribia kufika aliposema tena, uso ameuelekeza dirishani.

"Na mimi nilikuwa na swali. Nilikuwa rika lako hilo. Nilitaka kumwuliza mchungaji wetu."

"Ukamwuliza?"

"Thubutu. Marehemu bibi yako wa Moshi angenichapa mpaka nisahau jina langu."

Baba akacheka kidogo, akaacha. Nikamwuliza mama ni swali gani. Baba akaingiza gari kwenye maegesho na kuzima injini. Hakuna aliyefungua mlango.

"Mwakani," mama akasema, "nitamwuliza babu yako."